Risasi Moja au Nyingi? Jinsi SMG Inavyofanya Kazi

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike jambo moja la Fizikia ambalo hata wazazi nyumbani wataweza kulisoma wasichoke. Nilipata taabu kuchagua, mpaka muhula huu kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliponisimamisha mlangoni pa darasa. Wenzake walikuwa wamebishana bwenini usiku kucha juu ya sinema waliyoiona.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema. “Yule askari wa sinema alibana kidole mara moja tu, na risasi zikatoka kama mvua. Lakini mjomba wangu ni askari, naye anasema bunduki ile ile hupiga moja moja. Nani mwongo?”

Nikamjibu kwamba hakuna mwongo. Bunduki ile ni moja, nayo ina tabia mbili, na kilichopo kati ya tabia hizo ni kipande cha chuma kisichozidi kidole cha mtoto. Akaondoka akiwa hakuridhika, na sikumlaumu. Swali lake lilinigusa kuliko alivyojua, maana mimi mwenyewe nilipata kulijibu vibaya, tena si kwa kalamu bali kwa kidole.

Nilipomaliza Kidato cha Sita nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kama vijana wengi walivyokwenda tangu utaratibu huo uliporudishwa mwaka 2013. Siku ya shabaha tulipewa SMG, kila kuruta risasi tano. Amri ilikuwa wazi: piga moja moja. Jana yake tulikuwa tumefundishwa habari za wenzo ulio ubavuni mwa bunduki, ambao huchagua namna ya kupiga, lakini asubuhi ile moyo ulikuwa ukinidunda na mafunzo yote yalikuwa yameruka. Nilijua tu kwamba wenzo ukiwa juu kabisa bunduki imefungwa. Nikausukuma chini mpaka uliposimama mara ya kwanza, nikawaza: hapa ni moja, na chini zaidi ni nyingi, maana ndivyo mtu yeyote ahesabuvyo. Nikabana.

Mtutu uliinuka kama mbuzi anayekataa kamba. Nikaachia kidole mara moja. Mkono wa afande ulikuwa tayari umeikandamiza bunduki ielekee chini.

“Risasi ngapi zimetoka?” akaniuliza.

“Mbili, afande.”

Hakunigombeza. Aliinama akaokota maganda mchangani, akayaweka kiganjani mwangu moja baada ya jingine. Yalikuwa manne. Hakuna aliyeumia, maana mbele yetu palikuwa na ukuta wa udongo, ingawa sina hakika kama risasi ya nne iliugusa ukuta huo au iliupita kwa juu. Siku nyingi nilijiuliza: zile risasi mbili nisizozijua nilizipigaje? Leo, nikiwa mwalimu wa Fizikia, naweza kueleza.

Tuanze na gobori, ambalo babu zetu waliwindia. Mwenye gobori alimimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akashindilia, akatia risasi, akashindilia tena, ndipo akapiga. Akimkosa nyati, kilichobaki kilikuwa kutafuta mti. Kazi yote ya kupakia ilifanywa na mikono ya mtu. Baadaye ikaja risasi yenye ganda la shaba, ambayo baruti, fataki na risasi yenyewe vimo ndani ya kitu kimoja. Hata hapo mpigaji alilazimika kuvuta komeo la bunduki kwa mkono ili kutoa ganda tupu, kisha kulisukuma ili kuingiza risasi mpya.

Mwaka 1884 mtu mmoja aitwaye Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa amehamia London, alitambua jambo ambalo kila mpiga bunduki alikuwa akilijua begani mwake bila kulifikiria. Bunduki ikipigwa hurudi nyuma kwa nguvu. Kama nguvu hiyo ipo, tena ni ya bure, kwa nini isifanye kazi ya kupakia? Akatengeneza bunduki ambayo teke lake lenyewe hufungua komeo, hutupa ganda na kuvuta risasi nyingine, na kuendelea hivyo hivyo mpaka kidole kiachie au risasi ziishe. Iliweza kupiga risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Hiyo ndiyo aina ambayo askari wa zamani wa nchi zetu waliiita bombom. Hapa kwetu habari zake ni za huzuni. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliposhambulia boma la Wajerumani pale Mahenge, bombom ziliwalaki, na watu mamia wakaangamia.

Bombom ya Maxim ilikuwa nzito mno kubebwa na mtu mmoja akipigana. Kwa hiyo mafundi wa nchi nyingi wakatafuta njia ya kuitia akili hiyo katika bunduki ya begani. Mrusi Vladimir Fedorov alikuwa na moja ya namna hiyo mwaka 1916. Wajerumani walitengeneza iliyofaulu zaidi, StG 44, katika Vita Kuu ya Pili, wakitumia risasi fupi yenye baruti kidogo kuliko ile ya zamani. Katika nchi ya Kisovieti zikatokea bunduki mbili zilizotumia risasi ya aina moja, yenye kipenyo cha milimita 7.62. Ya kwanza ilibuniwa na Sergei Simonov mwaka 1945, nayo kwetu huitwa SAR. Ya pili ilibuniwa na Mikhail Kalashnikov, ikapokewa jeshini mwaka 1949, nayo ndiyo AK-47, ambayo kwetu watu huiita SMG. China ilianza kutengeneza zote mbili mwaka 1956, na zote ikazipa namba 56.

Sasa tazameni jambo la ajabu. SAR na SMG hula risasi ile ile, na zote mbili hujipakia zenyewe kwa njia iliyo moja. Katika mtutu pana tundu dogo. Risasi ikilipita tundu hilo, sehemu ya moshi wa moto unaoisukuma huchepuka na kuingia katika bomba lililo juu ya mtutu. Humo mna pistoni, kama pistoni ya pikipiki. Moshi huisukuma pistoni nyuma, nayo hufungua komeo. Komeo hurudi nyuma likivuta ganda tupu na kulitupa nje, huku likikandamiza springi na kuilaza nyundo. Kisha springi hujinyoosha, hulirudisha komeo mbele, nalo hukwangua risasi mpya kutoka katika magazini na kuifungia ndani ya chemba. Safari yote hiyo, kwenda na kurudi, katika SMG huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Ikiwa zote hujipakia, mbona SAR hupiga moja tu kwa kila kubana kidole, na SMG huweza kumimina? Jibu limo katika sehemu ya chini, mahali pa kifyatulio, nami naomba mnifuate polepole.

Fikirini nyundo ya bunduki kama mbwa mkali aliyefungwa, anayetaka daima kuruka mbele na kuligonga fataki. Kulabu ya kwanza, iliyoungana na kifyatulio, ndiyo inayomshika. Ukibana kidole, kulabu huachia, mbwa huruka, bunduki hulia. Mara komeo hurudi nyuma na kumlaza mbwa tena. Lakini kumbukeni kwamba yote haya yamepita katika sehemu ya kumi ya sekunde, na kidole chako bado kimebana. Kulabu ya kwanza bado iko wazi. Kama hakuna kitu kingine cha kumshika, mbwa atamfuata komeo mbele.

Kwa sababu hiyo mafundi waliweka kulabu ya pili. Kazi yake ni kumdaka mbwa wakati kidole bado kimebana. Ukiachia kidole, kulabu ya pili humkabidhi mbwa kwa kulabu ya kwanza, kama askari wa zamu ya usiku anavyomkabidhi funguo askari wa zamu ya asubuhi. Ukitaka kupiga tena ni lazima ubane upya. Hapo pana hekima kubwa: kwa kulabu hiyo ya pili, kila risasi inayotoka imeombwa na mtu. SAR nayo hupiga moja moja wakati wote.

SMG ina kulabu hiyo ya pili, lakini ina pia wenzo wa kuchagua. Wenzo ukiwa juu kabisa, kifyatulio hakiendi popote, bunduki imefungwa. Ukiwa chini kabisa, kulabu ya pili inafanya kazi yake, na bunduki hupiga moja moja. Ukiwa katikati, wenzo huizuia kulabu ya pili isimdake mbwa. Badala yake ipo kulabu ya tatu, isiyojali kidole hata kidogo. Yenyewe huingoja komeo. Komeo likisha kufika mbele na kujifunga sawasawa, kulabu ya tatu huguswa na kumwachia mbwa. Bila hiyo, nyundo ingeanguka kabla risasi haijafungiwa vema. Kwa hiyo, katika namna ya kumimina, anayetoa amri ya risasi ya pili si mtu tena. Ni komeo. Kidole kimebakiwa na kazi moja tu, nayo ni kusimamisha.

Mtaona pia kosa langu lilikuwa wapi. Katika SMG kituo cha kwanza toka juu ni cha kumimina, na cha mwisho ndicho cha moja moja. Wengi hueleza sababu yake hivi: askari aliyeshtuka hushusha wenzo kwa nguvu hadi mwisho, na huko mwisho atakuta namna iliyo salama zaidi. Mimi sikuushusha kwa nguvu. Niliushusha kwa adabu, nikaishia katikati.

Basi tuhesabu. SMG hupiga kwa kasi ya kama risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Magazini yake ya risasi 30 huisha kwa sekunde 3. Sasa, mtu akisikia mlio wa ghafula huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla misuli yake haijaanza kutii, na kidole nacho chataka muda kidogo kujikunjua. Tuseme jumla ni sehemu tatu za kumi. Risasi ya kwanza ilitoka, nikashtuka, wakati ubongo wangu ukituma habari kwa kidole, zilitoka ya pili, ya tatu na ya nne. Nilisema mbili kwa kuwa ndizo nilizowahi kuzitambua. Maganda hayakudanganya. Mtu hawezi kuamua kati ya risasi na risasi katika namna ile, hata awe hodari vipi. Uamuzi wake hufanywa kabla, pale anapougusa wenzo.

Na je, kwa nini mtutu uliinuka? Vijana wa Kidato cha Pili, chukueni kalamu. Risasi ya SMG ina tungamo la karibu gramu 8, na hutoka kwa kasi ya kama mita 700 kwa sekunde. Zidisheni 0.008 kwa 700, mtapata 5.6. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, bunduki nayo hupata kiasi hicho hicho kuelekea nyuma. Kama bunduki ina kilo 4, gawanyeni 5.6 kwa 4: ingerudi kwa mita 1.4 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Hapo sijahesabu msukumo wa moshi, ambao huongeza. Pigo moja bega hulivumilia na kurejea mahali pake. Lakini yakija mapigo 10 kila sekunde, ni sawa na kusukumwa bila kukoma kwa nguvu ya niutoni 56, karibu uzito wa ndoo yenye lita 5 na nusu za maji. Tena mtutu uko juu kidogo ya mahali kitako kinapoegemea bega, kwa hiyo msukumo huo haurudishi bunduki nyuma tu, bali huizungusha mdomo wake kwenda juu.

Mtaniambia, kuinuka kidogo kuna ubaya gani? Mtutu ukiinuka digrii moja tu, risasi itakuwa imepanda mita 1.7 zaidi ikifika umbali wa mita 100. Hicho ni kimo cha mtu mzima. Risasi ya kwanza ikipiga miguuni, ya pili yaweza kupita utosini, na ya tatu itakwenda isikojulikana. Nayo haendi bure: kila risasi ikitoka hubeba nishati ya kama juli 2000, ambayo ingetosha kuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi urefu wa mita 4. Mwenye sinema hawaonyeshi mahali risasi hizo zinakoangukia.

Majeshi nayo yalijifunza hesabu hii kwa gharama. Waingereza walipoichukua bunduki ya Kibelgiji FAL miaka ya 1950, yenye risasi kubwa kuliko hii, waliiondolea kabisa uwezo wa kumimina, wakaridhika na moja moja. Wamarekani walipopata M14, nyingi walizigawa kwa askari zikiwa zimefungwa zisimimine. Na katika bunduki yao ya M16A2 ya miaka ya 1980 waliweka kigurudumu cha meno kinachohesabu, ili kidole kikibanwa zitoke tatu na bunduki isimame yenyewe. Kigurudumu hicho hakianzi hesabu upya. Ukiachia kidole baada ya moja, safari ijayo zitatoka mbili tu. Katika mambo hayo yote mafundi walikuwa wakitafuta jambo moja: kumrudishia mtu uamuzi ambao mashine ilikuwa imemnyang’anya.

Nimalizie na habari za Kalashnikov mwenyewe. Alikuwa sajini wa vifaru, akajeruhiwa mwaka 1941, na mawazo ya kutengeneza silaha yakamjia alipokuwa hospitalini. Alisifiwa na kupewa nishani nyingi, na mara nyingi alisema kwamba yeye aliitengeneza silaha ili kuilinda nchi yake. Lakini karibu na mwisho wa uhai wake alimwandikia mkuu wa Kanisa la Orthodox la Urusi, akimweleza maumivu ya rohoni: ikiwa bunduki yake imeua watu, je, na yeye ana hatia? Alifariki Desemba 2013, akiwa na umri wa miaka 94, na barua hiyo ikachapishwa gazetini mwezi uliofuata. Mzee aliyezijua kulabu zile kuliko mtu yeyote duniani hakuwa na jibu la swali lile.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya kulifikiri. Bunduki hizi zimevuka mipaka yetu pamoja na vita vya majirani, na wako wanafunzi ambao familia zao zilikimbia sauti yake. Aprili 2004 serikali za sehemu hii ya Afrika zilitia sahihi huko Nairobi mapatano juu ya silaha ndogo ndogo, yanayotaka nchi zikataze kabisa raia kumiliki bunduki za namna hizi, za kumimina na za kujipakia. Kwa hiyo nawaomba vijana: ukiona bunduki au risasi shambani, porini au nyumbani mwa mtu, usiiguse wala usijaribu kuona wenzo wake uko wapi. Ondoka, umwambie mzazi au mwalimu, naye atapeleka habari polisi. Nanyi wazazi, kijana akija na habari hiyo msimfokee, ili siku nyingine asije akaficha.

Ama kwa wale waliobishana bwenini, nadhani wote wawili, aliyeona sinema na mwenye mjomba askari, sasa watapatana. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na wahenga hawakuijua SMG. Lile ganda la nne afande aliniachia nilishike mpaka jioni tulipohesabu na kurudisha yote. Lilikuwa limepoa zamani, lakini mimi niliendelea kulihisi lina moto.

Mwalimu wa Fizikia